Midomo ya Madhubala, koo la Lata: nani hasa anaimba kwenye filamu?

Santuri ya wimbo "Aayega Aanewala" ilipotoka mwaka 1949, pale katikati pake paliandikwa jina la mwimbaji: Kamini. Mwimbaji wa jina hilo hakuwapo. Kamini alikuwa mhusika tu katika filamu ya Mahal, yule binti anayetokeza usiku kwenye jumba kuukuu, aliyeigizwa na Madhubala. Wimbo ukapigwa redioni, ukawakamata watu, wakaanza kuandika barua: huyu anayeimba ni nani? Redio yenyewe haikujua. Ikabidi waulizwe HMV, kampuni iliyotoa santuri, ndipo jina likatangazwa hewani: Lata Mangeshkar, msichana wa miaka 20 hivi ambaye wakati huo bado alikuwa anatafuta riziki kutoka studio moja hadi nyingine.

Usikilize tena wimbo huo ukipata nafasi. Mwanzoni sauti inatoka mbali, halafu inakusogelea pole pole, mpaka kiitikio kinapoanza unahisi mtu amesimama mbele yako. Siku hizi fundi wa studio angefanya hivyo kwa kidole kimoja. Mwaka 1949 ilibidi afanye Lata mwenyewe kwa miguu yake: alisimama mbali na maikrofoni, akaanza mistari ya utangulizi huku akitembea taratibu, na ilimpasa afike pale hasa muziki ulipohitaji afike. Akikosea hatua, wanarudia wote tangu mwanzo, yeye na wapiga ala. Madhubala hakuimba chochote. Kazi yake ilikuja baadaye, mbele ya kamera: kupigiwa ile rekodi na kuchezesha midomo.

Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi tunalijua hili. Steringi haimbi mwenyewe, wala mchumba wake. Lakini mtu akikuuliza ilianzaje, kwa nini inafanywa hivyo, na wimbo wenyewe mwisho wa yote ni mali ya nani, mambo yanaanza kuchanganyika. Na kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo fumbo lenyewe. Hollywood nao walikuwa wakifanya vilevile, kwa mashine za aina ileile. Ila kule mwimbaji alifichwa, tena kwa vitisho. Bombay, mji wa filamu za Kihindi, mwimbaji akawa maarufu sawa na mwigizaji, na wengine wakawapita waigizaji. Kwa nini?

Tuanze na mashine. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya Ardeshir Irani, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 14, 1931, katika sinema ya Majestic mjini Bombay. Ilikuwa na nyimbo saba, na zote ziliimbwa na waigizaji wenyewe, papo hapo, kamera ikiwa inazunguka. Sauti na picha vilinaswa kwa pamoja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kurekebisha kimoja bila kingine. Wapiga ala walifichwa pembeni, mahali ambapo kamera haiwaoni lakini maikrofoni inawasikia. Studio ilikuwa karibu na njia ya reli, na treni haziheshimu nyimbo, basi sehemu kubwa ya kazi ikafanyika usiku wa manane treni zikiwa zimepumzika. Mwaka uliofuata ikatoka Indra Sabha, yenye nyimbo zipatazo 70. Nyimbo 70 katika filamu moja! Unaweza kukisia jinsi watu walivyochoka kuimba huku wakiigiza huku wakiombea mbwa wa jirani asibweke.

Mtindo huo uliwanyima watengenezaji mambo mawili. Kwanza, mwigizaji alilazimika kuwa mwimbaji, na Mungu hagawi vipaji hivyo viwili kwa mtu mmoja kila siku. Waliopata vyote, kama K. L. Saigal, Noor Jehan na Suraiya, walikuwa dhahabu. Pili, kamera ilifungwa miguu. Mwigizaji hawezi kukimbia bustanini huku akiimba, maikrofoni haitamfikia, na pumzi itamwishia.

Dawa ilipatikana Calcutta mwaka 1935, kwenye studio ya New Theatres. Mwongozaji Nitin Bose alikuwa anatengeneza filamu moja kwa lugha mbili, Bhagya Chakra kwa Kibengali na Dhoop Chhaon kwa Kihindi. Inasimuliwa kwamba alipita kumchukua mwanamuziki Pankaj Mullick nyumbani kwake, akamkuta anafuatisha kwa sauti wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye gramafoni, midomo yake ikienda sambamba na santuri. Wazo likamjia palepale. Yeye, mtunzi wa muziki Rai Chand Boral na fundi wa sauti Mukul Bose, ambaye ni ndugu yake, wakazirekodi nyimbo kwanza, studioni, kwa utulivu, kisha wakazipiga kwa kipaza sauti wakati wa kupiga picha na waigizaji wakafuatisha. Kuanzia hapo wimbo na sura vikaachana, kila kimoja kikatafutiwa mtu wake.

Hollywood hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo, walilifanya wakati huohuo na kwa sababu zilezile. Tofauti ilikuja kwenye nani aambiwe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Marni Nixon. Katika The King and I ya mwaka 1956, Deborah Kerr anapofungua mdomo kuimba, sauti ni ya Nixon. Katika West Side Story ya 1961, Natalie Wood anapoimba, ni Nixon. My Fair Lady ya 1964, Audrey Hepburn, Nixon tena kwa sehemu kubwa. Jina lake halikuonekana kwenye orodha ya majina ya filamu hata moja kati ya hizo zilipotoka. Nixon mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwenye ile ya kwanza alionywa na studio: ukisema, tutahakikisha hupati kazi tena mji huu. Wood alikuwa amerekodi nyimbo zake akiamini sauti yake itatumika, kumbe wenzake walikwisha amua lingine. Nixon alipodai mgawo wa mauzo ya santuri ya West Side Story akakataliwa, mpaka mtunzi Leonard Bernstein alipomtendea haki na kumkatia robo ya asilimia moja kutoka kwenye fungu lake mwenyewe.

Siri ilipovuja, aliyeumia ni mwigizaji. Audrey Hepburn hakuteuliwa kuwania Oscar kwa My Fair Lady, na wengi waliona ni kwa sababu watu walijua sauti si yake. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka ule ikaenda kwa Julie Andrews, aliyeimba mwenyewe kwenye Mary Poppins, na ambaye ndiye aliyekuwa ameicheza My Fair Lady jukwaani kabla hajanyimwa nafasi ya kuicheza kwenye filamu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Singin' in the Rain ya mwaka 1952, kwa sababu filamu nzima inahusu udanganyifu huohuo. Kuna nyota mwenye sauti mbaya, Lina, ameigizwa na Jean Hagen. Kuna msichana mwenye sauti nzuri, Kathy, ameigizwa na Debbie Reynolds, anayefichwa nyuma ili amsemee na kumwimbia Lina. Mwishoni pazia linavutwa, ukweli unaonekana, watazamaji wanafurahia haki kutendeka. Sasa sikiliza. Pale Kathy anapodaiwa kumsemea Lina, sauti tunayoisikia ni ya Jean Hagen mwenyewe, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa na sauti ya kupendeza. Na pale Kathy anapomwimbia Lina wimbo wa "Would You?", anayeimba si Reynolds, ni mwimbaji aitwaye Betty Noyes, ambaye jina lake halikutajwa. Filamu inayomtetea mwimbaji wa nyuma ya pazia ilimweka mwimbaji wake nyuma ya pazia.

Basi kwa nini Bombay mambo yakaenda njia nyingine? Mtu asikudanganye kwamba Wahindi walikuwa na roho nzuri kuliko Wamarekani. Ile santuri iliyoandikwa "Kamini" inaonyesha kwamba hata wao walianza kwa kuficha. Kilichowabadilisha ni mambo matatu yaliyogongana.

La kwanza ni wingi. Hollywood ilikuwa na filamu za nyimbo na filamu zisizo na nyimbo. Bombay karibu kila filamu ilikuwa na nyimbo, iwe ya mapenzi, ya majambazi au ya miungu. Kuimbia filamu kukawa kazi kamili ya kudumu, na waliofanya kazi hiyo kwa kiwango cha juu walikuwa wachache sana: Lata na mdogo wake Asha Bhosle, Geeta Dutt, Mohammed Rafi, Mukesh, Talat Mahmood, Manna Dey, Hemant Kumar, Kishore Kumar. Sauti moja ikiimbia waigizaji kumi kwa mwaka, haifichiki. Masikio ya watu si ya mbao.

La pili ni redio, na hapa kuna kichekesho. Mwaka 1952 B. V. Keskar akawa waziri wa habari na utangazaji wa India. Aliona nyimbo za filamu ni takataka zinazoharibu muziki wa asili, akazibana kwenye redio ya taifa. Redio ikaamua pia kwamba jina la filamu lisitajwe, maana hilo ni kuitangazia biashara bure. Litajwe jina la mwimbaji tu. Watengenezaji wa filamu wakakasirika wakaondoa ruhusa, na nyimbo zikatoweka kabisa kwenye redio ya taifa. Zikaenda wapi? Zikavuka bahari hadi Colombo. Radio Ceylon ilikuwa na mitambo ya masafa mafupi yenye nguvu iliyoachwa na majeshi ya Waingereza baada ya vita, na mwisho wa mwaka huohuo 1952 ikaanzisha kipindi cha Binaca Geetmala, kikidhaminiwa na dawa ya meno, mtangazaji akiwa Ameen Sayani. Kila Jumatano jioni nyimbo zilipangwa kwa kupendwa kwake, na mitaa ya India ikanyamaza kusikiliza redio ya nchi nyingine. Serikali ikasalimu amri mwaka 1957 kwa kuanzisha Vividh Bharati, idhaa ya burudani. Lakini kufikia hapo wasikilizaji walikwisha zoea kumjua mwimbaji kwa jina hata kama filamu hawajaiona.

La tatu ni waimbaji wenyewe kugoma. Lata hakuwa mtu wa kuonewa. Alidai majina yaandikwe kwenye santuri na kwenye filamu, na yakaandikwa. Mwaka 1957 tuzo ya muziki bora ya Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, ilikwenda kwa Shankar na Jaikishan kwa filamu ya Chori Chori, wakamwomba Lata akaimbe "Rasik Balma", wimbo wa filamu hiyo, kwenye sherehe. Akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: tuzo ya mtunzi wa muziki ipo, ya mwimbaji haipo, basi nendeni mkaupige bila mwimbaji. Tuzo ya mwimbaji ikaanzishwa mwaka 1959, na wa kwanza kuipata akawa yeye, kwa "Aaja Re Pardesi" wa filamu ya Madhumati.

Kwa maoni yangu hilo la redio lina uzito kuliko mawili mengine. Marekani wimbo ulikuwa sehemu ya filamu. Ukiondoa sura ya Hepburn, studio iliona haina cha kuuza. India wimbo ulitangulia filamu. Ulisikika wiki nyingi kabla ya picha kufika mjini, na watu walikwenda sinema kuona wimbo wanaoujua umevishwa sura gani. Katika hali hiyo kumficha mwimbaji ni kujinyima wateja.

Uhuru huo ulizaa ufundi wa aina yake. Mwimbaji asiyejificha anaweza kuigiza kwa sauti. Mohammed Rafi ndiye aliyekuwa bingwa wa hili. Akimwimbia Dilip Kumar sauti inatulia na kuzama, akimwimbia Shammi Kapoor inarukaruka kama kijana aliyepokea mshahara. Sikiliza "Sar Jo Tera Chakraye" kwenye Pyaasa ya mwaka 1957. Johnny Walker anaigiza mkandaji wa vichwa anayepita mitaani na chupa zake za mafuta. Rafi anaubana wimbo puani, anaukokota pale ambapo mchuuzi angekokota, kiasi kwamba unaweza kuapa ni Johnny Walker mwenyewe. Mukesh alikuwa kinyume chake, sauti yake ilikuwa ni ileile siku zote, yenye majonzi kidogo hata anapofurahi, na ikanata kwa Raj Kapoor tangu miaka ya mwisho ya 1940. "Awaara Hoon" wa mwaka 1951 na "Mera Joota Hai Japani" wa 1955, ule wa mtu aliyevaa viatu vya Kijapani, suruali ya Kiingereza na kofia nyekundu ya Kirusi lakini moyo wake wa Kihindi, zote ni koo la Mukesh. Alipofariki mwaka 1976, akiwa ziarani Detroit, Raj Kapoor alisema amepoteza sauti yake.

Na waigizaji nao hawakukaa tu kupepesa midomo. Dilip Kumar alijifunza kupiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, kwa ajili ya "Madhuban Mein Radhika" kwenye Kohinoor ya 1960, ili kamera ikisogea kwenye vidole isikute uongo. Mambo yalifika mahali pa kuchekesha: kwenye Ragini ya mwaka 1958, Kishore Kumar, ambaye ni mwimbaji mkubwa, anaonekana akichezesha midomo kwa sauti ya Rafi, kwa sababu mtunzi O. P. Nayyar aliona wimbo wa kiasili ule unamhitaji Rafi. Kishore akaja kulipiza kwa namna yake. Kwenye Half Ticket ya 1962 kuna wimbo wa mwanamume na mwanamke ambapo Lata hakupatikana, akaimba yeye sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike.

Tukifika kwenye pesa, ndipo fundo linapokaza. Wimbo mmoja wa filamu una mikono mingi: mshairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji, wapiga ala, mwigizaji, mtengenezaji wa filamu aliyelipia vyote, na kampuni ya santuri. Kujulikana jina si sawa na kumiliki. Mapema miaka ya 1960 Lata alitaka waimbaji wapate mgawo kila santuri inapouzwa. Rafi akasema hapana: mimi nimeimba, nimelipwa, biashara imeishia hapo. Wakakosana, na miaka ikapita bila kuimba pamoja. Rafi husifiwa sana kwa upole wake, na ninaupenda moyo wake, lakini kwenye hili Lata ndiye aliyeona mbali. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mtengenezaji anayeagiza wimbo kwa ajili ya filamu ndiye mwenye mali, isipokuwa mkataba useme vingine. Watunzi waliotajirisha studio wakaishi uzeeni kwa kubahatisha. Ilichukua hadi mwaka 2012, mshairi Javed Akhtar akiwa bungeni, kubadilisha sheria ili washairi na watunzi wasiweze tena kunyang'anywa mgawo wao kwa kutia saini karatasi.

Huku kwetu pwani habari hizo za mikataba hazikufika. Zilizofika ni tuni. Sinema za Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa zilijaa kwa picha za Kihindi tangu miaka ya 1950, na watu waliimba maneno wasiyoyaelewa bila kukosea. Kisha taarabu ikafanya kile ambacho Calcutta ilianza: ikalitenga koo na sura, na safari hii ikatenga pia tuni na maneno. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa ndiye jina linalokuja kwanza. Alichukua mwendo wa wimbo wa filamu, akauvika shairi la Kiswahili, mara nyingine la jamaa yake Ahmad Nassir, lenye vina na mizani yake kamili. Kazi hiyo si ya kunakili tu. Mistari ya Kihindi haikukatwa kwa mizani ya shairi letu, hivyo mwimbaji ilimbidi avute silabi hapa, abane pale, aongeze "eeh" mahali tuni inapobaki na nafasi, na bado fumbo la shairi lisipotee kwa wasikilizaji wa harusini. Kisheria hapo pana watu wawili wenye haki zao: mshairi wa Kiswahili ana maneno yake, na mtunzi wa Bombay bado ana tuni yake. Kwa desturi, aliyetajwa na kutuzwa alikuwa wa Mombasa.

Kabla hatujaona kuchukua tuni ya mwingine ni aibu, tuutazame "Mehbooba Mehbooba" wa filamu ya Sholay ya mwaka 1975, ule unaochezewa na Helen kwenye kambi ya majambazi. Anayeonekana akiimba ni Jalal Agha. Anayeimba ni R. D. Burman, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo mwenyewe. Tuni aliichukua kutoka kwa "Say You Love Me" wa Demis Roussos, mwimbaji wa Kigiriki aliyezaliwa Misri. Na Roussos naye, inaelezwa, aliitoa kwenye wimbo wa jadi wa kisiwa cha Cyprus, ambao hakuna ajuaye ulitungwa na nani.